Mufereji Ulioishia kwa Jovial

Munasema mwanamuke akipita miaka hamsini atulie, alee wajukuu. Nitatulia wapi, bana? Kila mvua kubwa maji yanashuka kilima na kuingia shule ya hapa chini, watoto wanasoma miguu juu ya mabenchi. Mwaka jana ukuta wa darasa ulianguka, mutoto wa darasa la kwanza akavunjika muguu. Nilichoka kuomba kanisani tu. Nikaingia komite ya kartie, mutaa wetu huu, nikawa prezida, nikawaita watu salongo, kazi ya pamoja bila malipo: kila Jumamosi jembe mukononi, tuchimbe mufereji upeleke maji ziwani. Tulianza juu, maana watu wa juu njo walikubali kwanza.

Walikuja wakinung'unika, lakini walikuja. Jirani yangu, Papa Symphorien, alibomoa hata choo chake kilichokuwa njiani. "Kwa ajili ya watoto, Mama Adrienne," aliniambia.

Tukafika uwanja wa Jovial, mwanangu wa kwanza, pale mufereji ulipaswa kukata kona uiepuke shule. Kumbe yule kichwa ngumu ameinua ukuta wa nyumba pale pale! Na nilikuwa nimemuonyesha kwa kidole: hapa usijenge.

"Mama, unapigania watoto wa nani?" akaniuliza mbele ya watu wote. Gisèle, muke wake, amesimama na tumbo kubwa. "Huyu si mujukuu wako? Atalala wapi?"

Iliniuma, haki ya Mungu. Watu wameegemea majembe, wananitazama. Nikiuacha ule ukuta, kesho Symphorien anarudisha choo chake, na mufereji umekufa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikachukua sururu, nikapiga mwenyewe mpaka matofali yakalala chini. Gisèle alilia. Jovial akamushika mukono, wakaenda zao bila kunitazama.

"Haya, tuchimbe!" nikasema.

Hakuna aliyeinama. Papa Symphorien akaweka jembe begani. "Mama Adrienne, muntu anayebomolea mutoto wa tumbo lake, sisi wengine atatufanya nini?"

Wakaondoka wote. Juma lile lile wakachagua prezida mwingine, na salongo ikaisha hapo. Nilijaribu kuchimba peke yangu, mugongo ukakataa.

Sasa mvua imeanza. Zamani maji yalitawanyika kilimani. Leo yanafuata mufereji wetu yote pamoja, kwa nguvu, moja kwa moja mpaka darasani.