Kodi ya E

Hasira zangu mimi, wacha tu. Zilinipokonya Wekoye miaka kumi na miwili, kisa herufi.

Wekoye alikuwa seremala, jirani yetu pale Kitale. Redio ikianza ule wimbo wa soul wa Wamarekani weusi, wa zamani hata wakati huo, anaacha randa na kuchukua gitaa. "Jerop, kuja usikie hii!" Na mimi huyo, mbio. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Aliniundia gitaa langu mwenyewe, na kodi, yaani namna za kubana nyuzi, nikajifunza kwa kijitabu. Lakini kodi za wimbo ule hazikuwa kitabuni, zilikuwa kichwani mwa Wekoye. Kabla hajanifundisha, mwaka wa themanini na nne, akarudi kwao Bumula.

Nikamwandikia: nitumie kodi, nataka kuupiga siku ya kufunga shule. Akajibu kwa penseli: "Anza E, enda D, rudi E, maliza na I."

I? Dunia nzima hakuna kodi inayoitwa I! Nikaiona ni utani, nikairuka. Siku yenyewe nikapiga hizo E na D mbele ya wazazi, ikasikika kama mbuzi amebanwa na mlango. Walicheka mpaka mwalimu mkuu akafuta machozi. Nikamwandikia Wekoye: "Umenichezea. Kama hujui, si ungesema?" Hakujibu. Nikasema shauri yake.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa nafundisha Bungoma. Siku moja nikawatajia darasa la kwanza herufi za Kiingereza, waandike. Nikasema "ei". Kasichana kamoja, Lenah, kakaandika E. Nikasema "i", kakaandika I.

"Lenah, nani amekufundisha hivi?"

"Si ndivyo umesema, Mwalimu?"

Woi! Nikaikumbuka ile barua ya penseli. Wekoye aliachia shule darasa la pili. Kodi alizisikia tu zikitajwa na wanamuziki, akaniandikia vile alivyosikia. E yake ilikuwa A. I yake ilikuwa E. Hakunichezea hata kidogo.

Jumamosi nikaenda Bumula na gitaa langu. Nikamkuta mlangoni, mvi tupu.

"Karibu, Jerop," akasema, kana kwamba nilitoka jana.

"Gitaa yako iko wapi, Fundi?"

"Nilipea watu wa kanisa, ile wiki barua yako ilifika. Niliona, kumbe hata hiyo sijui."

Nililia, sikujificha. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima, nikayaacha yote, nikatoa gitaa. Nikabana A, nikapiga. Nikaenda D, nikarudi. Wekoye alifumba macho, mguu wake ukaanza kugonga sakafu.

"Hiyo ndiyo E," akasema.

Na ualimu wangu wote, sikumsahihisha.

"Ndiyo, Fundi," nikamwambia. "Hiyo ndiyo E."