Nusu ya Neno

Kila asubuhi saa moja nilifuta maikrofoni ya foni, redio yetu ya kupigia mbali, kwa pindo la kitenge, kisha, kutoka Bukavu, nikaita kituo cha Kamituga mara tatu. Jumatatu ile, kabla ya mara ya tatu, Maman Apolline aliingia akihema, kikapu cha sombe, majani ya muhogo, kingali kichwani. Alikuwa amekimbia kutoka soko la Kadutu.

"Jeanine, mutoto yangu, shimo ya dhahabu ilimuangukia kijana yangu Évariste. Banamubeba ku hospitali ya Kamituga. Uniulizie kama alifika."

Sauti ya Kamituga ilikuwa ikipanda na kuzama. Pascal, fundi aliyenifundisha kazi, alizoea kusema sauti ikicheza hivyo hewa hubeba maneno machache tu: chagua moja, lirudie mara tatu, huenda mara moja likafika zima.

Lakini hewa tulipewa nusu saa, na Citoyen Kasongo, mkubwa wetu, alisimama nyuma yangu na orodha ya bia ya kusomewa Kamituga.

"Uliza mara moja," alisema. "Bia haingoji."

Niliuliza mara moja. Jibu likaja: "Évariste alisha..." Halafu mvumo, kama mvua juu ya mabati. Kasongo alikwishanyoosha mkono kuichukua maikrofoni. Maman Apolline alikuwa akinitazama mdomoni.

"Alishafika," nikasema.

Alicheka, akaniwekea fungu la sombe mezani. Nikalipokea. Nyuma yetu Kasongo alitaja idadi ya kreti zake mara tatu, polepole, mpaka zikafika zote.

Alhamisi hewa ilitakata. Karani wa Kamituga alisikika kana kwamba yumo chumbani. "Bukavu, familia ya Évariste haina roho? Tulibangojea siku mbili. Jana tulimuzika."

Maikrofoni ingali mkononi mwangu, Maman Apolline aliingia na shati lililopigwa pasi, limekunjwa juu ya kipande cha sabuni.

"Camion, ile lori ya Kamituga, inaondoka saa ine. Atoke hospitali na shati ya safi."

"Mwambie hewa ilikuwa mbaya," Kasongo alininong'oneza.

"Hewa ilikuwa mbaya, maman," nikasema. Ilikuwa kweli, na ningeweza kuishia hapo. Yeye aliitikia kwa kichwa, akilainisha ukosi wa shati kwa kidole.

"Maman, Jumatatu nilisikia nusu ya neno. Nusu ingine nilitunga mimi. Évariste alishakufa."

Kidole kilisimama.

"Rudilia," akasema.

"Alishakufa, maman. Alishakufa."