Mto wa Kifungu cha Tisa

Kwa miaka kumi na minane nimeandika miswada ya sheria, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameletwa ofisini kwetu juzi tu, na tayari mkurugenzi alikuwa akikisifu kifungu chake cha tisa hata kwenye lifti. Kilikataza kuchimba mchanga ndani ya mita sitini kutoka mtoni.

Jumanne niligundua kasoro. Rasimu haikueleza mto ni nini, na wachimbaji hushuka kiangazi, maji yakishakauka. Wakili wao angesema hapo hapana mto, pana mchanga tu. Nikanyamaza. Nilitaka kifungu kianguke mbele ya wabunge, yeye mwenyewe akiwa amesimama kukitetea.

Ofisini kwetu rasimu haitoki mpaka isomwe kwa sauti na mtu ambaye hakuiandika. Alhamisi zamu ikawa yangu.

"Shemeji, changamka basi," akanitania mbele ya wote. "Umenuna kama umelamba ndimu."

Nilipofika kifungu cha tisa, nilikisoma mpaka nusu. Sijawahi kupitisha sheria mbovu nikijua ni mbovu.

"Na kiangazi je?" nikauliza. "Mto ukikauka, kifungu kitamzuia nani?"

Akafikiri, akachukua kalamu, akaongeza: *pamoja na mkondo uliokauka*. Kisha akamgeukia mkurugenzi.

"Bosi, hiki si changu tena. Ni cha shemeji."

Wakanipigia makofi. Nilikuwa nimetamani abishe, walau kidogo.