Sentensi Niliyomnyima Daktari

Mume wangu Evelio alipiga klarineti katika bendi ya mji wa Bayamo tangu kabla hatujaoana. Jumapili jioni bendi ilipopiga bustanini, nilikaa kwenye benchi la mbele nikimtazama midomo. Ndiyo maana niliamini kwamba midomo ile ikipatwa na jambo lolote, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kulijua.

Zahanati ya mtaa wetu iko chini na daktari anaishi juu yake. Sisi tulikuwa nyumba ya pili. Ukipatwa na homa unasimama barabarani, unamwita jina lake, naye anatokea roshani huku kitana kimekwama kwenye nywele. Daktari huyo, Mayelín, alitujia mara tu alipomaliza masomo. Hakuwa na mume. Alikuwa na cheko la ghafla na miguu mizuri. Naitaja miguu kwa sababu jirani yangu Zunilda aliitaja kwanza.

"Shoga, mumeo kapanda tena kwa dokta," aliniambia siku moja akianika nguo. "Homa gani hiyo isiyotaka mke aione?"

"Kampelekea mapera."

"Mapera gani hayo yanayoliwa mchana kutwa?"

Nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Baadaye maneno ya Evelio yakaanza kuwa mazito, kama mtu anayeongea na kitu mdomoni. Akasema ni uchovu. Mayelín akampeleka hospitali kubwa, na majibu yalipotoka alifanya kama inavyofanywa kwetu: alimwacha mgonjwa chumbani akifunga vifungo vya shati, akaniita mimi koridoni. Akaniambia ni ugonjwa unaoua misuli kidogo kidogo, kwake umeanzia kwenye ulimi na midomo, na hauna dawa.

Nikamshika koti. Nikamwomba amwambie Evelio kwamba ni mishipa imechoka tu, maana akijua ataacha kula. Sikuona kwamba naomba jambo la ajabu. Baba yangu alikufa kwa saratani akiamini ni vidonda vya tumbo, na ukoo mzima tulijisifu kwa kumtunza hivyo. Mayelín akakubali.

Evelio aliacha klarineti, lakini hakuacha kupanda ngazi zile. Mchana mmoja nilisimama chini ya roshani nikamsikia akicheka, kile kicheko chake kilichokwisha kulegea. Nyumbani alikuwa hacheki tena. Aliporudi nilimuuliza huko juu wanaongea nini.

"Vitamini," akasema.

"Basi kahamie huko, ukaishi na vitamini zako."

Akaniwekea mkono kichwani, akaomba kahawa.

Alikufa mvua za Mei zilipoanza. Bendi ilimpigia, na kiti chake wakakiacha wazi katikati yao.

Miezi ilipita, kisha Mayelín akaja nyumbani alasiri moja na karatasi ndani ya bahasha. Alibaki amesimama mpaka nilipomwambia akae. Alisema ameandika makala kwa ajili ya jarida la madaktari, na kwamba haihusu ugonjwa wenyewe. Inahusu jinsi alivyozungumza nasi.

"Nilikosea, Onelia. Nataka wengine waone nilivyokosea. Lakini sitaitoa bila ridhaa yako."

Akanieleza kwamba jina hataliandika, ila katika mji wetu mpiga klarineti wa umri ule alikuwa mmoja tu, na kila mtu angemtambua. Na klarineti ikiondolewa, msomaji hataelewa ugonjwa ulijulikanaje. Nikamuuliza ulijulikanaje. Hapo ndipo aliponiambia.

Evelio alikuwa amemwendea muda mrefu kabla ya hospitali. Sauti za juu zilikuwa zinamponyoka kwenye klarineti. Alimbana amwambie anachoshuku, naye akamwambia. Evelio akamwomba nisijue, kwa kuwa nikijua sitalala. Kwa hiyo siku ile koridoni, nilipomshika koti, Mayelín alikuwa ameshatoa ahadi kama hiyo hiyo kwa mume wangu. Akazitunza zote mbili, na akatudanganya sote wawili.

Huzuni haikunijia kwanza. Wivu ndio ulionijia, mkali kuliko nilipokuwa nikihesabu mapera. Wangekuwa wanabusiana huko juu ningejua jambo hilo linaitwaje na la kufanya ni lipi. Lakini huyu alimpata Evelio anayeogopa, Evelio anayesema kweli. Mimi niliachiwa yule wa vitamini.

"Kwa hiyo kwako alilia," nikasema.

"Mara chache. Mara nyingi tulicheka."

"Mlimcheka nani?"

Akatazama karatasi zake. "Kahawa yako."

Alisema kwamba tangu siku ya hospitali kahawa yangu iligeuka asali. Evelio alimwambia: "Onelia akiwa na siri huweka sukari mara mbili. Alipokuwa ananificha kifo cha kaka yangu ilikuwa hivi hivi. Anajua, dokta. Nami nainywa yote, asije akagundua kuwa nimemgundua."

Sikuwahi kujijua hivyo. Sukari yetu ilikuwa ya mgao, na mwezi ule iliisha mapema. Nilimlaumu Zunilda moyoni kwamba anaazima mno.

"Na hilo umeliandika?"

"Ndio moyo wa makala. Linaonyesha kwamba mgonjwa alijua, na alijua kwamba wewe unajua. Tulikuwa watatu tukificha kitu kimoja. Bila hilo mhariri atasema nakisia."

"Weka klarineti," nikamwambia. "Weka Bayamo. Weka na majina yetu ukitaka. Sukari iondoe."

"Onelia, kuna mke mwingine mahali fulani, yuko koridoni sasa hivi. Hili lingemsaidia."

"Msaidie kwa kingine. Ulikaa na hofu yake, na kilio chake, na kicheko chake. Mimi nimebaki na kopo la sukari. Na hilo unalitaka?"

Nilijua kwamba kuhusu yule mke mwingine alikuwa anasema kweli, na sikulegea. Mwishowe akachukua kalamu akaifuta sentensi ile, akarudia kuifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikatia sahihi.

Makala ilitoka mwaka uliofuata. Aliniletea nakala, akanieleza kwamba mmoja wa walioikagua kabla ya kuchapwa alilalamika kuwa hitimisho lake halina ushahidi wa kutosha, wakaifupisha. Klarineti pia waliitoa wenyewe. Evelio ameandikwa kuwa mwanamuziki wa makamo. Mahali palipokuwa na sukari pana maneno haya: familia imeomba jambo moja lisichapishwe. Nimeusoma mstari huo kuliko yote.

Siku hizi Mayelín haiti tena familia koridoni. Humuuliza mgonjwa kwanza anataka kujua kiasi gani, na mbele ya nani. Zunilda, ambaye mama yake anaugua, ananung'unika kwamba dokta amekosa adabu, amemwambia mgonjwa kila kitu usoni. Mama huyo alipokwisha kuambiwa aliagiza nguruwe wa kuchoma na akaitisha wanawe wote. Nilialikwa. Nilikula nikiwa nimenuna, nikimtazama mwanamke yule anavyowapangia wanawe nani akae karibu naye.

Ile sentensi nimeiandika hapa kwa mkono wangu, ndipo mahali pake. Kichwani mwa Mayelín siwezi kuifuta. Anapopita huketi jikoni kwangu, na mimi humpa kahawa. Namwekea kijiko kimoja cha sukari, nikikisawazisha kwa kisu. Namwona anavyoionja taratibu, kama anayetafuta kitu. Cha pili simwekei.