Samaki Nyuma ya Pampasi

Kazi yangu pale supamaketi ni kuokota yatima. Yatima ndo vile vitu ambavyo mteja kabeba, kazunguka navyo duka zima, halafu roho ikabadilika akavitupa popote. Mtindi kwenye viatu. Siagi juu ya mafagio. Nyanya moja imekaa na betri, utadhani inasubiri basi. Nazunguka na toroli, naokota, narudisha. Nikifika mwisho, mwanzo umeshachafuka. Ni kuchota maji kwa pakacha, basi tu.

Sabuni hainipi shida. Shida ni vitu vya friza. Unabonyeza kwa kidole: kikiwa kigumu, rudisha, kikilainika, tupa. Na watu wanajua, ndo maana wanavificha nyuma kabisa, kama paka anafukia. Si umpe tu keshia useme sitaki? Nani atakung'ata?

Juzi samaki kaozea nyuma ya pampasi. Msimamizi wetu, tunamwita Pua, alimnusa tangu mlangoni. Akanisimamisha mbele ya wenzangu.

"Hayo macho yako ni ya mapambo?"

"Bosi, walimchomeka huku ndani kabisa..."

"Mwingine akioza, unamfuata hukohuko jalalani."

Na mimi sina pa kwenda. Tangu nimalize shule nakaa kwa shangazi, nakula kwake, nalala sebuleni kwake. Kazi hii ndo kitu cha kwanza kilichofanya nionekane mtu pale nyumbani. Kwa hiyo nikawa nalinda pampasi kama askari wa benki. Miguu inawaka moto, mgongo ndo usiseme.

Jana jioni nikaona mwanamke kajitanda mtandio, kanipa mgongo, mkono umezama kwenye pampasi hadi kiwiko. Nikanyata. Leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Akageuka.

Shangazi. Na samaki mkononi.

"Kumbe ni wewe?"

"Punguza sauti."

"Hata yule wa juzi?"

Akavuta mtandio usoni. Nikajua.

"Watoto wanalilia samaki," akasema. "Namchukua, nikikaribia kaunta naona hapana, hesabu inakataa."

"Si umrudishe palepale kaunta?"

"Mbele ya wenzako? Waseme shangazi yake yule, samaki tu kamshinda? Nakutunzia heshima, mwanangu."

"Heshima gani, shangazi! Watanifukuza kwa hiyo heshima!"

Akanitazama kama nimemmwagia maji ya baridi. Hakuwa anajua. Nyumbani sikuwa nimemwambia mtu, ningeanzia wapi?

"Kuna nini hapo?" Pua huyo, anakuja, pua imemtangulia hatua nzima. "Nani kamleta huyo samaki huku?"

Nikafungua mdomo niseme nimemwokota sasa hivi. Shangazi akaniwahi.

"Ni mimi." Sauti ileile anayoitia watoto waache mpira waje kuoga. Foleni nzima kule kaunta ikageuka. "Na yule wa juzi ni mimi. Bei ilinishinda, nikaona aibu. Huyu kijana msimsumbue, kanishika mwenyewe."

Pua akanyoosha kidole. Akambonyeza samaki. Mgumu bado.

"Basi mama... siku nyingine mpe tu keshia. Hakuna kesi."

"Nimesikia."

Shangazi akanikabidhi samaki, akaenda kulipia mkate aliokuwa nao. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja kwenye foleni akachomoa pakiti ya soseji kwenye kikapu chake, akamwachia keshia kimyakimya, macho yanatazama dari. Shangazi akapita bila kunitazama, shingo imenyooka, ila mtandio umeshuka begani na hakuupandisha.

"Na wewe," Pua akaniambia, "kesho uwahi. Huko kwenye maziwa kumechafuka."

Basi, kazi ninayo. Nilidhani nitafurahi.

Nikampeleka samaki kwenye friza. Nikasimama pale mlango uko wazi, ubaridi unanipiga usoni, sina haraka hata kidogo ya kwenda nyumbani. Watoto watauliza samaki yuko wapi, shangazi atakuwa amegeukia jiko, na leo wa kuwajibu itabidi niwe mimi.