Mstari Mweupe

Kazi yake ilikuwa kupiga picha kila chombo kilichopita mtoni, mradi kinaelea. Ofisi ya bandari ilimpa chumba ghorofa ya tatu, kiti kibovu na kamera yenye lenzi ndefu. Zilipita meli za makontena, vivuko vilivyosheheni abiria na baiskeli, tagi fupi nene zikikokota meli za mafuta zilizozizidi mara kumi. Lakini ofisi ilitaka hasa matishari, vile vyombo bapa vya kubebea mchanga. Ubavuni mwa kila tishari kuna mstari mweupe. Ukizama, mzigo umezidi.

Alikuwa na upendeleo mmoja tu. Tishari lenye ndugu yake likipita, hupiga honi mara mbili, naye huweka kamera chini, akapunga mkono. Ndivyo alivyompungia kaka yake wiki tano zilizopita. Mstari ulikuwa chini ya maji. Aliuona, akapunga. Tishari lilizama naye kabla ya kufika darajani.

Tangu siku hiyo hakulia. Alipopewa sahani alikula. Aliendelea kupiga picha arobaini kwa siku, na jioni hakukumbuka hata rangi ya meli moja.

Jumatatu honi ikalia mara mbili. Alikuwa baba yake mdogo, nahodha, na mstari wake hauonekani. Kidole kikabonyeza.

Jumatano leseni ya baba mdogo ikazuiliwa. Jumapili, siku moja kabla ya kikao cha kuamua kama atafutiwa kabisa, baba mdogo alikuwa sebuleni kwa mama wa mpiga picha, kofia ya unahodha magotini, mkewe ubavuni.

"Mwanangu, nilipiga honi."

"Nilisikia, Baba mdogo."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Mama mdogo akabetua midomo. "Hebu tuambie, hiyo kamera yako imeanza lini kula ndugu? Maana sisi wengine tungevaa vizuri, tupigwe tukiwa tumependeza!"

Hakuna aliyecheka. Mama akasogeza vikombe vya chai.

"Omba radhi, mama, yaishe," akambembeleza binti yake. "Kesho uwaambie ulikosea tarehe ya picha."

Binti akatazama ukutani. Picha ya kaka yake ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa mpaka macho yakapoteza umbo. Katika maelfu ya picha zake za mtoni, hakuwa na hata moja ya tishari lile.

"Una mabaharia wangapi, Baba mdogo?"

"Wanne. Kwani?"

"Mama zao nao wana sebule."

Baba mdogo akasimama, kofia ikaanguka. "Nimekubeba mgongoni mimi! Omba radhi!"

Binti aliiokota ile kofia, akaipangusa vumbi, akamrudishia kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Siombi," akasema, kama mtu aliyeulizwa saa. "Chai inapoa."