Kireno cha Kumtoa Muhiddin

"Si a sol," alisema Bi Piedade, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "O sol. Jua ni mwanamume."

Nilitahayari. Katika Kiarabu nilichosomeshwa msikitini tangu utotoni, jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, na mashairi yote niliyoyahifadhi yalikwenda hivyo. Kwa Wareno mambo yamepinduliwa: o sol, a lua.

"Waarabu wako wameniharibia mwanafunzi, Maalim," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Alikuwa mjane wa Kigoa, kwao wanakotawala Wareno, mshoni, mwenye kukaa nyuma ya kanisa la Minara Miwili. Mwaka ule wa hamsini na nne nilikwenda kwake kila baada ya sala ya alasiri, nikaketi karibu na mlango ulioachwa wazi, nikajifunza vijineno vinavyotangulia majina ya vitu. Sisi husema kitabu, basi. Mreno hataji kitabu ila kwanza akujulishe kama ni kile mnachokijua nyote, o livro, au kitabu chochote, um livro. Kitu kikiwa cha kike, kama meza, huwa a mesa na uma mesa. La kujulikana nililielewa upesi, kwani ndiyo kazi ya al katika Kiarabu. La uke na uume ndilo lililonitesa.

Sikujifunza kwa starehe. Ndugu yangu Muhiddin alikwenda Msumbiji kuuza kofia, pamoja na Mcha wa Uroa, ambaye ndiye aliyemshawishi. Walikamatwa bila ya vyeti, wakatiwa katika shokoa, kuvunja mawe ya barabara kwa nguvu na bila ya ujira. Mkubwa wa wilaya ile, tuliambiwa, hasikilizi wakalimani. Humsikiliza jamaa aliyefika mwenyewe na kusema Kireno. Nyumbani kwetu jina la Mcha halikutajwa tena.

"Haya, uko mbele yake," Bi Piedade alikuwa akiniambia. "Unamtaka nani?"

"Um irmão."

"Ndugu yeyote tu? Atakupa aliye karibu. Sema o meu irmão."

"Lakini meu ishasema kuwa ni wangu. Kiarabu hakikubali kuweka al pamoja na neno la wangu."

"Atakayekaa kitini ni Mreno, Maalim. Sema."

Nikasema. Jioni mama yangu, Bi Mwanakheir, alitaka nimsomee yote ya siku ile, naye akiyafuata taratibu, kama mtu anayeitikia dua asiyoijua maana.

Ijumaa moja asubuhi, Matar, baharia wa Mkokotoni aliyekuwa ndiyo kwanza arudi kutoka Msumbiji, alinikuta sokoni Darajani. Alinishika mkono, asiuachie.

"Muhiddin katangulia. Ni homa. Walimfukia kando ya barabara, kazi ikaendelea."

"Alioshwa?"

Matar akatazama chini. "Mcha yu hai bado," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Nilimkuta mama akipepeta mchele. Nilipomwambia, hakulia.

"Nani aliyemsalia?"

"Hakuna, mama."

"Basi nendeni mkamsalie."

Baada ya sala ya Ijumaa tulisimama safu tatu kumsalia maiti asiyekuwepo. Sala hiyo haina rukuu wala sijda, humalizika upesi. Mbele yetu palikuwa na busati tupu. Nami, niliyekwisha kuosha maiti wa watu wengi, nilishindwa kupaondolea macho.

Siku ya hitma, Biasha, mama yake Mcha, alikuja kutoka Uroa. Aliketi penye viatu, hakuthubutu kuingia walimokaa wanawake wenzake. Mama alimwona. Hakumsemesha, ila alimpelekea sahani ya wali.

Sikwenda tena kwa Bi Piedade. Ikawa siku moja mama akaniuliza, "Mbona huendi kusoma?"

"Nisomee nini tena, mama?"

Alikunja kanga iliyokuwa mapajani mwake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mcha ana mama," akasema. "Nenda."

Usoni mwake hamkuwa na huruma yoyote.

Bi Piedade, ambaye habari zilikwisha kumfikia, aliisimamisha cherehani nilipoingia, akafanya ishara ya msalaba wake. Nikaketi mahali pangu, nikamweleza nimetumwa kwa ajili ya nani.

"Huyu unamjua sura?"

"Namjua."

"Basi nieleze alivyo. Huko watu ni wengi. Lazima wakuletee yeye, si mwengine."

Nilikuwa nikimchukia Mcha, na Mola wangu anajua. Tukaanza na paji la uso, tukashuka puani, kisha mdomoni, kiungo kwa kiungo: a testa, o nariz, a boca. Sikuwahi kumtazama vizuri namna ile alipokuwa mbele yangu.